Gari la Msimu Mmoja

Mashimba, mtoto wa Milembe, alijifunza kutengeneza vitu kwa marehemu baba yake, na baba yake hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mcheza ngoma. Katika kundi lao la Wagika, nje kidogo ya mji wa Bariadi, baba huyo, Mzee Kwandu, ndiye aliyetengeneza kivutio cha msimu. Pamba ikishauzwa na watu wakipata nafasi ya kupumua, Wagika husimama upande mmoja wa uwanja na Wagalu upande wa pili. Ngoma hulia kwa wakati mmoja, na mtazamaji yuko huru kwenda anakotaka. Upande utakaobaki na watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kuimba vizuri peke yake hakutoshi. Lazima uwe na kitu cha kumfanya mtu aache kutazama kule, aje kutazama huku.

Mwaka mmoja Kwandu alichonga fisi wa mti aliyetembea na kucheka. Mwaka mwingine alitoa bibi kizee wa magunia aliyekuwa akitwanga mwenyewe na kusimama kila mara kujifuta jasho. Msimu ulipokwisha, kivutio kilivunjwa. Vipande viligawanywa kwa wachezaji, kila mmoja akaenda na chake nyumbani, pasiwe na mtu hata mmoja mwenye kitu kizima cha kuibiwa na Wagalu. Wala hakikurudiwa. Ukileta tena cha mwaka jana, watu wanakucheka, wanahamia upande wa pili.

Hayo ndiyo malezi aliyokulia Mashimba. Na mama yake alikuwa mlinzi kuliko wote, kwa sababu alishatapeliwa mara moja. Wakati fisi wa Kwandu alipokuwa bado yuko stoo hajatolewa, alikuja mtu mmoja nadhifu akasema ametumwa kusoma mita ya umeme. Milembe akamkaribisha, akampa na maji ya kunywa. Yule mtu alizunguka zunguka, akachungulia huku na kule, akaaga. Alipokwisha kupotea njiani ndipo Milembe alipokumbuka kwamba nyumba yao haina umeme. Msimu ule Wagalu nao walitoka na fisi, na fisi wao alicheka zaidi.

Kwandu alifariki Mashimba akiwa kidato cha pili. Kijana akamaliza cha nne, matokeo hayakumbeba, akaenda kukaa gereji pale mjini kujifunza kunyoosha bodi. Gari linapinduka barabara ya Lamadi, linaletwa limekunjana kama karatasi, na yeye analirudisha. Hakuwa mtu wa kupima. Aliweka mfuko wa mchanga chini ya bati, akagonga kwa nyundo ya mti, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja juu yake, taratibu, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Pale kiganja kilipokwama, alirudia kugonga. Milembe alikuwa akimpelekea chakula na kusimama kumtazama, na moyo wake ulikuwa na raha na wasiwasi pamoja. Raha kwa sababu mtoto alikuwa na mikono ya baba yake. Wasiwasi kwa sababu aliijua mikono hiyo. Ilifanya maajabu mwaka hadi mwaka, na Kwandu alipokufa hapakuwa na kitu hata kimoja ndani ya nyumba cha kuonyesha kwamba aliwahi kutengeneza chochote.

Siku moja kijana mwenzake wa gereji alimwonyesha picha kwenye simu. Gari la spoti la Ulaya, limelala chini, pua kali, milango inafunguka kwenda juu.

"Hili linauzwa kiasi gani?" Mashimba aliuliza.

"Haliuzwi. La maonyesho. Wanatengeneza moja tu watu walione, halafu wanaulizana miaka kama litaingia kiwandani au haliingii. Mengi hayaingii."

"Wanatengeneza moja, watu walione tu?"

"Ndiyo."

"Basi hicho ni kivutio," Mashimba alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Mwaka huo manju wao, Mzee Constantine, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, alimwita akamwambia zamu ya kivutio sasa ni yake. Mashimba alinunua mabaki ya gari dogo lililokuwa limepinduka, akatoa injini na magurudumu, chesisi akaikata na kuifupisha. Mapipa ya lami aliyapasua akayanyoosha yakawa bati. Alifanyia kazi nyuma ya nyumba ya mama yake, ndani ya uzio wa mabua, jioni baada ya gereji na Jumapili baada ya kanisa. Mabawa ya mbele aliyapiga, akayavunja, akayapiga tena, mpaka Milembe akamuuliza, "Hilo la kwanza lilikuwa na kosa gani?"

"Halikuwa na kosa, mayu. Lilikuwa limekaa tu."

Alilipaka rangi ya damu ya mzee. Kwa jinsi tumbo lake lilivyokaribia ardhi, wachezaji wakaliita Kenge.

Siku ya ngoma, Wagika walianza vibaya. Watu walijaa upande wa Wagalu, na kwa Wagika wakabaki ndugu na wauza karanga. Ndipo ng'ombe wawili wakaingia wakivuta kitu kilichofunikwa turubai. Wagalu wakapiga kelele za dhihaka, "Mmeleta maiti?" Constantine akanyamazisha ngoma. Ng'ombe wakafunguliwa, wakaondolewa. Turubai likavutwa, na Kenge akanguruma, akatambaa peke yake katikati ya uwanja, akainua milango yake kama kuku anayekung'uta mabawa. Uwanja ukahama. Milembe aliona kwa macho yake watu wakikimbia kutoka upande wa pili, akina mama wameshika kanga zisidondoke, hata mpiga ngoma mmoja wa Wagalu akiwa na ngoma yake shingoni.

Baadaye, vumbi lilipotulia, mzee mmoja wa makamo mwenye miwani alilizunguka gari kimya, akachuchumaa, akalitazama kwa usawa wa ardhi. Aliitwa Theonest. Alikuwa na karakana ya kuunda bodi za mabasi kule Mwanza, na alikuja kwao kwa msiba, akapitia uwanjani.

"Michoro yake iko wapi?" alimuuliza Mashimba.

"Hakuna michoro, mzee wangu."

"Na ukitakiwa kutoa la pili?"

Wachezaji wakacheka. Mmoja akasema, "La pili la nini tena, mzee? Watu si wameshaliona?"

Theonest hakucheka. "Wenye kambi za watalii kila siku wananiuliza kitu cha kumzungusha mgeni, kitu ambacho hajakiona kwao. Hiki ndicho. Nitaongea na wenzangu. Wakikubali nitamtuma mtu alipime kila sehemu, tutengeneze kalibu, yatoke mengine. Wewe utasimamia. Ila usiliguse. Libaki hivi hivi."

Milembe alikuwa amesimama karibu, na kila neno alilisikia. Tangu usiku huo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Aliona magari ya mwanawe barabarani, yanapita Nyashimo, yanapita Lamadi, mengi, na watu wanaulizana nani kayatengeneza. Kitu cha mikono ile kisichovunjwa.

Wakasubiri. Pamba mpya bado haijapandwa, ardhi imekauka, Kenge amekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mashimba alipiga simu Mwanza, akaambiwa, "Bado tunaongea." Akapiga tena, "Bado." Baadaye simu ikawa inaita tu. Mjini ikawa mzaha. Lukresia, jirani yao, mwenye ulimi usiopumzika, alimkuta Milembe kisimani.

"Mama Mashimba, Kenge wenu atazaa lini? Maana mimba imekuwa ndefu."

"Atazaa wakati wake."

"Mimi nilisikia magari ya maonyesho hayazai. Ni kama nyumbu wa punda na farasi."

"Na wewe ulisikia wapi habari za farasi?"

Walicheka wote wawili, lakini Milembe alijitwika ndoo yake akatangulia kurudi nyumbani bila kumngoja.

Mzee Constantine naye alikuja. Hakukaa hata kwenye kiti. "Msimu umekwisha, ng'wanone. Kila mwaka kitu kinavunjwa kabla ya mvua. Mbona hiki kimesimama?"

"Nivumilie, baba. Mvua ya kwanza ikinyesha kabla hawajaja, nitakivunja."

"Kimesimama kizima. Wagalu wana macho."

"Mama yupo."

Kweli, mama alikuwapo. Mashimba alikwenda Lamadi kunyoosha bodi ya lori la samaki, na asubuhi hiyo Milembe alikuwa uani akipepeta choroko. Akaingia kijana mwenye shati safi na mkoba begani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Wewe ng'wana nani?"

Ndivyo anavyoulizwa mgeni, na kijana akajibu kama alivyofunzwa kwao. "Naitwa Keneth, mayu. Kwetu Mwanhuzi. Mimi mtoto wa Nyanda."

Ungo ulisimama mikononi mwa Milembe. "Nyanda yule wa ngoma?"

"Huyo huyo," kijana alisema akitabasamu. "Ila mimi ngoma siiwezi, mayu. Hata kupiga makofi napishana na wenzangu."

Nyanda wa Mwanhuzi alikuwa manju wa Wagalu. Ndiye aliyetoka na fisi. Kuanzia hapo Milembe hakusikia tena. Kijana aliendelea kueleza, kwa adabu, kwa maneno mengi, mkono wake ukielekeza kule nyuma ya nyumba. Milembe alitazama midomo yake ikienda. Aliona simu. Aliona futikamba likitolewa kwenye mkoba.

"Mwenyewe hayupo," alisema.

"Basi nipime tu, mayu, nipige na picha. Sitaondoa kitu."

"Na mita umeshasoma?"

Kijana akashangaa. "Mita gani, mayu?"

"Nenda, mwanangu. Wasalimie kwenu."

Keneth alisimama kidogo, akalirudisha futikamba mkobani, akaaga vizuri, akaondoka. Milembe alifunga mlango wa uzio kwa mnyororo, akampigia mwanawe. "Wamekuja. Nyanda amemtuma mtoto wake wa kuzaa, na futikamba mkononi, mchana kweupe."

"Alisema anataka nini?"

"Kupima. Anataka kupima Kenge."

"Hakusema lingine?"

"Atasema nini lingine?"

Mashimba alirudi jioni hiyo hiyo. Alimpigia Mzee Theonest mara ya mwisho, simu ikaita mpaka ikakata. Alikaa kwenye usukani wa Kenge giza likiingia, bila kuwasha taa, na mama yake akamwacha. Alipotoka alisema, "Huyo mzee angekuwa anakuja, angeshakuja. Na Wagalu wakiliiga hili, mwakani wakatoa kali zaidi, nitamwambia nini Constantine?" Milembe alitaka kusema tungoje hata wiki. Alifungua kinywa. Lakini alimwona tena yule msoma mita akinywa maji yake, akasema, "Fanya kama baba yako angefanya."

Asubuhi wachezaji walikuja, wengine kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki. Ilikuwa kama sikukuu ndogo. Mashimba alikata maungio kwa gesi, na kila kipande kilipodondoka Constantine aliita jina. Huyu boneti. Huyu mlango wa kushoto. Huyu bawa. Walitaniana, "Wewe umepewa tako," wakafunga vipande kwa mpira wa baiskeli, wakatawanyika. Mmoja alipeleka boneti hadi Kimali, kwa mjomba wake. Kufikia saa sita nyuma ya nyumba palibaki chesisi, injini, na doa la mafuta.

Mchana huo huo gari jeupe likasimama njiani. Wakashuka Mzee Theonest na yule kijana wa futikamba.

Milembe alikuwa amesimama mlangoni. Alielewa kabla hawajafika uani, akashika kizingiti.

"Niliona umenipigia," Theonest alimwambia Mashimba, "nikasema nipo njiani, tutaongea uso kwa uso. Wenzangu wamekubali. Huyu Keneth ni fundi wangu wa michoro, jana mmemfukuza. Nikajua mmepata mtu mwingine, ndiyo nimekuja mwenyewe." Akatazama nyuma ya nyumba. "Gari liko wapi?"

Keneth ndiye aliyesema, bila ubaya wowote, kama mtu anayejitetea tu, "Nilimweleza mama hapa. Nilimwambia nimetumwa na Mzee Theonest wa Mwanza."

Mashimba aligeuka akamtazama mama yake. Mara moja tu. Kisha akageuka tena. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtajia jambo lile, na Milembe angetoa chochote ili amtajie, hata kwa ukali.

"Limegawanywa," Mashimba alisema.

"Limegawanywaje? Gari linagawanywaje?"

Akaelezwa. Theonest alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alikuwa Msukuma, na desturi aliijua, kwa hiyo hakupayuka. "Basi vikusanye," alisema. "Viunganishe kama vilivyokuwa. Nitawaomba wenzangu watusubiri."

Mashimba aliomba pikipiki, akazunguka. Mlango wa kushoto ulikuwa tayari mlango wa banda la kuku, na mwenye kuku alimpa pamoja na bawaba. Bawa moja lilikuwa limekatwa kuziba paa, na mvua zilikuwa zimekaribia, kwa hiyo hakuwa na uso wa kulidai. Kule Kimali boneti lilikuwa limepinduliwa, ndama wananywea maji, na kwato zilikuwa zimelibonyeza kila mahali. Mjomba mtu alimwambia, "Chukua, baba, lakini ndama wamelizoea." Vingine havikuonekana tena.

Vilivyokosekana alivipiga upya. Akafumba macho, akapitisha kiganja, akagonga, akapitisha. Milembe alisikiliza nyundo kutoka jikoni. Zamani ilikuwa na mwendo wake, inasimama, inasikiliza, inaendelea. Sasa ilienda bila kusimama, au ilisimama muda mrefu mno. Jioni moja alimkuta amekaa juu ya mfuko wa mchanga, viganja vimetazama juu.

"Nini, mwanangu?"

"Nakumbuka lilivyokuwa, mayu. Lakini nikilipiga hivyo, mkono unakataa. Unaniambia hili limeshatoka."

Keneth alirudi na futikamba lake, akakaribishwa, akapikiwa na kuku. Alipima upande huu na upande ule, na kila alipoandika uso wake ulizidi kunyong'onyea, maana alikuwa kijana mwema. Pande mbili hazikulingana. Theonest pia alikuja, akalizunguka kama siku ile uwanjani, akachuchumaa.

"Ni gari zuri," alisema. "Lile lilikuwa kama linataka kuondoka. Hili limekaa."

Mashimba aliitikia kwa kichwa. Yeye alijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Wenzangu wamepata kazi ya matrela ya kubebea pamba," Theonest aliendelea. "Karakana yote imeshikwa. Lakini wewe njoo Mwanza. Mikono kama yako haikai gereji."

Milembe, ambaye kwa kawaida hakujitia kwenye mazungumzo ya wanaume, aliuliza, "Na gari, mzee? Litatoka?"

Theonest alimtazama kwa heshima. "Tusiseme halitatoka, mama. Tuseme bado."

Milembe alikuwa ameishi vya kutosha kuijua bado ya namna hiyo.

Mashimba alikwenda Mwanza. Alitengeneza ubavu wa basi, na wa lingine, na wa lingine, kwa kalibu, yote yakifanana. Alikuwa akipiga simu Jumapili. Mama akimuuliza kama kule wanalizungumzia lile gari, anasema, "Kule ni mabasi, mayu." Gari la pili aliliuza chuma chakavu bila kumwambia, na Milembe alijua tu siku walipokuja kulichukua.

Msimu uliofuata Wagika hawakuwa na kivutio. Constantine aliimba mpaka sauti ikaisha. Milembe alikwenda uwanjani akijua nini atakiona upande wa pili, akajikaza kukiona. Wagalu wakatoa twiga wa mti, mrefu, anayeinamisha shingo na kuchukua kofia za watu. Hapakuwa na chuma chochote. Hapakuwa na gurudumu. Uwanja wote ukahamia kule, na Milembe akasukumwa na watu hadi akajikuta karibu na mzee mmoja mnene mwenye kengele miguuni. Alikuwa Nyanda mwenyewe.

"Wewe si mama wa yule fundi?" Nyanda alisema akihema. "Mwaka jana mlitumaliza, mayu. Tulirudi Mwanhuzi hata kusemeshana hatusemeshani. Mngelileta hata leo, sijui. Sisi vyuma hatuviwezi, hatuna mtu wa kuchomelea. Mtoto wangu ndiyo anajua mambo hayo, na ngoma haipendi kabisa."

"Haipendi," Milembe alisema.

"Hata kidogo. Msalimie mwanao."

Alijitoa kwenye watu, akasimama kando ya uwanja nyuma ya wauza miwa, akapiga simu Mwanza.

"Wametoka na nini?" Mashimba aliuliza mara moja.

"Twiga."

"Wa chuma?"

"Wa mti."

Nyuma ya mwanawe, ndani ya simu, Milembe alisikia nyundo za wenzake zikigonga bati, nyingi, kwa mpigo mmoja. Alisubiri. Alitaka kumwambia alichosema Nyanda, akaona kwamba katika neno lile, mti, mwanawe ameshakisikia.

"Sawa, mayu," mwanawe alisema mwishowe, kwa upole. "Ngoja nirudi kazini."